Kurekodi reli isiyokuwepo: wanafunzi, wazee na mpango wa karanga wa Kongwa

Kwenye stesheni ya Msagali, katika Reli ya Kati, paliwahi kuchepuka tawi lililokwenda Kongwa. Lilijengwa miaka ya mwisho ya 1940 ili kubeba karanga za mpango mkubwa wa kilimo wa serikali ya Uingereza. Karanga za kujaza mabehewa hazikupatikana, tawi likang'olewa, na leo mtu anaweza kulikatiza tuta lake akienda shambani asijue kwamba amevuka njia ya treni.

Makala haya tumewaandikia walimu wa historia na wanafunzi wao, hasa wa sekondari za Kongwa na Mpwapwa, wanaotaka kutengeneza filamu fupi kuhusu jambo hilo. Wa Urambo na Nachingwea wayachukue vilevile, kwa sababu mpango ulikuwa mmoja na ulifika kwao pia. Urambo ulikuja kuacha mashamba ya tumbaku. Kusini uliacha bandari ya Mtwara, pamoja na reli ya Nachingwea iliyong'olewa miaka ya 1960.

Kuna haraka katika jambo hili. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Walienda na madaftari, miaka 63 baada ya vita kuanza, na bila ushahidi walioukusanya mambo mengi ya vita ile tungeyajua kwa kalamu ya Mjerumani peke yake. Matrekta ya karanga yalifika Kongwa mwaka 1947. Tumeshapita miaka 75. Aliyezaliwa 1936 alikuwa mtoto wa miaka 11 matrekta yalipofika, na leo ana umri wa miaka 90 hivi. Aliyekuwa mtu mzima akipokea mshahara pale ni vigumu kumkuta hai. Darasa linalosema litaanza mwakani linaamua pia ni nani ambaye halitamkuta.

Kwanza mambo yenyewe kwa ufupi, kwa sababu filamu nyingi za wanafunzi huanguka hapa: wanaoitengeneza hawajaielewa habari kubwa, kwa hiyo hawajui mzee anapotaja jambo dogo lina uzito gani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula na ya sabuni. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukaja kukagua ardhi. Februari 1947 serikali ya Uingereza ilichapisha mpango wenyewe katika waraka Cmd. 7030: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi kwa miaka 6. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500 tu. Januari 1951 mpango ulifutwa, pauni zaidi ya milioni 36 zikiwa zimepotea.

Sababu zake zinaonekana Kongwa kwa macho hata leo, na ndiyo maana ni mahali pazuri pa kufilamu. Vichaka vya Ugogo ukiviona kwa mbali ni vyepesi, lakini mizizi yake imesukana chini. Trekta mbili zilifungwa mnyororo mzito katikati zikaburuta msitu chini, visiki vikabaki, navyo vikavunja majembe. Udongo mwekundu una chembe za kwatzi zinazosaga chuma, na ukishalowa kisha ukakauka unakuwa kama tofali la kuchoma: karanga ziko chini na huwezi kuzing'oa. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na haina ahadi. Mkulima yeyote wa Kigogo angewaeleza hayo yote. Swali kwamba aliulizwa au hakuulizwa linatosha kuwa filamu nzima.

Hata hivyo msitengeneze filamu ya "mpango wa karanga". Ni kubwa mno. Somo la filamu ya dakika 12 liwe jambo linaloweza kujibiwa kwa miguu, ndani ya siku moja ya kutembea kutoka shuleni. Tungechagua hili: treni ya Kongwa ilipita wapi, na mikono ya nani iliijenga? Swali hili lina faida kubwa. Lina sehemu inayopimika ardhini, yaani njia ilipopita, na lina sehemu ambayo karatasi za London hazina, yaani watu. Majina ya mawaziri na makampuni yameandikwa mara nyingi. Jina la aliyelaza mataruma kati ya Msagali na Kongwa halimo katika nyaraka hizo, na kama liko mahali, liko kinywani mwa mjukuu wake.

Wiki 12 zinatosha kwa kikundi cha wanafunzi 8: wiki 3 za karatasi, 2 za kutembea ardhini, 3 za mahojiano na 4 za kuhariri. Wawili washike nyaraka, wawili wahoji, wawili washike kamera, mmoja sauti, mmoja daftari. Wa daftari huonekana kama hana kazi, na walimu humpa aliyebaki. Mpeni aliye makini kuliko wote. Yeye ndiye anaandika kwamba faili la 14 ni mahojiano ya bibi, kwamba dakika ya 9 alitaja jina la nyapara, na kwamba jogoo aliwika katikati ya jibu zuri. Bila daftari lake, wiki za kuhariri huishia katika kutafuta.

Kwa upande wa karatasi, anzeni na za bure. Mijadala ya Bunge la Uingereza ya miaka 1947 hadi 1951 iko kwenye intaneti, na waziri aliyebanwa mara nyingi kwa maswali ni John Strachey wa Wizara ya Chakula. Someni maswali ya wabunge kuliko majibu, maana maswali ndiyo yanayotaja tarehe, idadi ya matrekta na tani. Kisha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hapo kuna kosa moja linalowapotezea watu siku nzima: kutafuta jalada kwa jina la Wilaya ya Kongwa. Wakati ule Kongwa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpwapwa, kwa hiyo ombeni kitabu cha wilaya cha Mpwapwa na majalada ya Jimbo la Kati. Nendeni na barua ya shule yenye mhuri, kitambulisho cha mwalimu na penseli. Ulizeni utaratibu wa kupiga picha nyaraka kabla ya kutoa simu mfukoni. Kila ukurasa mnaopiga, pigeni kwanza jalada la nje lenye namba yake. Ukurasa usio na namba ya jalada hauwezi kurudiwa na mtu mwingine, na ushahidi usioweza kurudiwa ni uvumi ulioandikwa vizuri.

Sasa ardhi. Fungueni picha za setilaiti kwenye kompyuta ya shule na mtafute mstari kati ya Msagali na Kongwa. Barabara ya kijiji hukata kona, hupanda kilima moja kwa moja na hukwepa shamba la mtu. Reli haiwezi. Treni haipandi mteremko mkali wala haipindi ghafla, kwa hiyo njia yake huchora upinde mrefu mpole, hukata kilima kidogo kwa mfereji na hujazia bonde kwa tuta. Mstari wa namna hiyo ukikatiza mipaka ya mashamba kana kwamba hauijali, uwekeeni alama, kisha nendeni mkauone.

Mkifika, tafuteni vitu vinne: tuta, kokoto zisizofanana na mawe ya eneo lile, kalavati chini ya tuta, na chuma. Beba fimbo iliyopimwa mita 1 kamili na iwekeni kwenye kila picha. Reli ya Kati ni ya upana wa mita 1, kwa hiyo fimbo hiyo inampa mtazamaji nafasi iliyokuwa kati ya vyuma viwili. Kwa chuma msiangalie njiani peke yake. Reli iliyong'olewa mara nyingi haiendi mbali: hugeuka nguzo ya zizi, kizingiti cha mlango, daraja la mfereji, hata kengele ya shule. Mataruma ya Reli ya Kati kwa sehemu kubwa yalikuwa ya chuma kwa sababu ya mchwa, nayo hudumu. Kipande cha reli kikiwa na maandishi yaliyoinuka ubavuni, kisugueni kwa brashi kavu na mpige picha jua likiwa la pembeni, saa 1 au saa 2 asubuhi, vivuli vyenyewe viwasomee herufi. Mara nyingi ni jina la kiwanda na mwaka. Lakini mwaka huo ni wa kufuliwa chuma. Reli hutumika tena, na kipande cha miaka ya 1910 kinaweza kulazwa Kongwa mwaka 1947. Mwanafunzi anayesema kwenye filamu "reli hii ilijengwa 1912" kwa sababu ya maandishi ya chumani ameharibu kazi ya wenzake wote.

Kalavati zina nyuki na nyoka. Hakuna anayeingia kutafuta picha nzuri. Maji lita 3 kwa kila mtu, kofia, viatu vya kufunika, na mtu wa kijiji kile aongozane nanyi, kwa usalama na kwa heshima.

Vibali vishughulikieni wiki ya kwanza, siyo ya nane. Filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, na shule iulize mapema masharti ya kazi ya wanafunzi. Ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ipewe barua, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Huyu wa mwisho ndiye atakayewaambia wazee wako wapi. Stesheni inayofanya kazi ni ya Shirika la Reli na haipigwi picha bila ruhusa yake. Maeneo ya jeshi hayapigwi kabisa. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa filamu ya shule mna njia rahisi zaidi ya kupata picha ya juu: pandeni kilima. Wazazi wa wanafunzi nao wasaini.

Tufike kwa wazee, ambapo ndipo moyo wa kazi ulipo.

Safari ya kwanza haina kamera. Nendeni wawili na mwalimu, msalimie kwa mbukwa kama ni nyumba ya Kigogo na shikamoo pale inapostahili, mkae mnapokaribishwa, mseme mmetoka wapi na watoto wa nani. Katika vijiji hivi swali la mwisho ndilo linalofungua mlango. Elezeni mnataka nini, picha itaonyeshwa wapi, na kwamba mzee anaweza kukataa leo, kesho au hata baada ya kurekodiwa. Msikilize kidogo bila kuandika. Mkirudi shuleni andikeni mlichosikia, maana ndicho kitakachotengeneza maswali. Sukari, majani ya chai au sabuni ni adabu ya mgeni, mpeleke. Kumlipa mtu kwa ushuhuda ni jambo jingine: huzaa wazee wanaokumbuka kile mlichokuja kukitafuta.

Safari ya pili nendeni wanne tu: mhoji, kamera, sauti, daftari. Watu wanane wakimzunguka bibi mmoja hawamhoji tena, wamemfanyia mkutano. Mrekodini akisema kwa kinywa chake jina lake, mahali, tarehe ya siku ile na kwamba amekubali. Hiyo ni ridhaa ambayo asiyejua kusoma anaweza kuitoa kwa ukamilifu kuliko sahihi ya dole gumba.

Lugha iwe yake. Mzee anayewaza kwa Kigogo au Kikaguru akilazimishwa Kiswahili cha shule atawapa habari fupi, kavu, kama anajibu polisi. Mhoji awe mwanafunzi anayeijua lugha hiyo, na Kiswahili kije kwa maandishi ya chini ya picha. Tafsiri ifanywe na watu wawili kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wanapotofautiana ndipo penye neno la maana.

Maswali mabaya tunayajua: "Je, wakoloni waliwanyanyasa?" Mzee atasema ndiyo, kwa sababu ni ndiyo na kwa sababu ndilo jibu mnalotaka, na hamtakuwa mmejua lolote. Ulizeni vitu vinavyoshikika. "Babu, siku ya kazi mliamka ukiwa bado usiku au kumekucha?" "Mshahara mlipewa mkononi au mliitwa kwa namba?" "Hela ya kwanza ulinunulia nini?" "Trekta ilipokufa, nani alikuja kuitazama?" Wanawake waulizwe mambo yao wenyewe, wasiwe mashahidi wa waume zao tu: nani alipika kambini, nani aliuza pombe na maziwa, kwa bei gani, na chakula nyumbani kilikuwaje wanaume walipokwenda kulipwa. Ulizeni pia mgomo. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ulisambaa kufuata reli. Mzee akisema "siku moja watu wote waliketi chini", daftari liandike neno kwa neno.

Kuhusu miaka, msimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani". Atawapa mwaka ili awaridhishe. Jengeni kamba ya matukio na mfunge kumbukumbu yake humo. Njaa kuu ya Ugogo iitwayo Mtunya ilikuwa 1917 hadi 1920: yeye hakuwepo, lakini mama yake alikuwa na umri gani? Vita ya Hitla iliisha 1945. Uhuru, 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha, Februari 1967. Operesheni Dodoma ya kuhamia vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ulizeni: ulikuwa umeshapita jandoni? Umeoa? Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea? Hela mliyolipwa ilikuwa na tundu katikati, na ya Mfalme au ya Malkia? Sarafu za senti 5 na 10 zenye tundu na jina la Mfalme George wa Sita zilitolewa hadi mwaka 1952, Elizabeth aliporithi kiti, ingawa ziliendelea kuzunguka baadaye. Kwa maswali manne ya namna hii tukio linaingia ndani ya miaka miwili au mitatu, na hiyo ni tarehe mnayoweza kuitetea.

Kongwa ina mtego wake wa pekee: majengo na ardhi vimeishi maisha zaidi ya moja. Karanga zilipoondoka, kuanzia 1964 wakaja wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola, chini ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliyokuwa na makao Dar es Salaam, na makaburi ya baadhi yao yako Kongwa hadi leo. Kwa hiyo mtu akisema "kambini", au "wale wageni", au "enzi za malori", ulizeni palepale: wageni gani, weupe au weusi, na walikuwa na bunduki? Mwanafunzi aliyezaliwa juzi husikia kambi moja tu. Hatari si kukosea tarehe peke yake. Unaweza kumvisha mpigania uhuru wa Namibia habari ya kibarua wa karanga, ukawanyang'anya wote wawili historia yao.

Karatasi na mzee wakipingana, msikimbilie kuamua. Rudini kwa mzee mseme: "Bibi, tumeona karatasi inasema hivi." Wakati mwingine atasahihisha karatasi. Wakati mwingine wote wawili wako sawa, maana karatasi inasema amri ilitoka lini nayo kumbukumbu inasema kazi ilifanyika lini. Ikishindikana, wekeni yote mawili kwenye filamu na mtazamaji ajue.

Mitambo sasa. Simu moja nzuri inatosha, na pesa mliyonayo ipeni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye kasoro, lakini asiposikia anaondoka. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, waya upite ndani, na mkufu au kitenge kizito kisiikwaruze. Ugogo ni nchi ya upepo, Agosti hadi Oktoba hasa: sponji ya maiki haitoshi nje, ongezeni manyoya ya bandia juu yake, au rekodini upande wa nyumba usio na upepo. Mwenye sauti avae hedifoni muda wote. Kazi yake ni kusema "samahani babu, turudie" bodaboda inapopita, na aruhusiwe kusema hivyo hata mwalimu akiwepo. Zimeni redio ya jirani kwa kuomba kwa adabu. Bati likianza kupigwa na mvua, acheni, mnywe chai. Mkimaliza, watu wote wanyamaze sekunde 60 mrekodi kimya cha mahali hapo. Kimya kile ndicho gundi ya kuhariri: bila hicho kila mkato unasikika kama mlango uliofungwa.

Simu iwe mlalo, kwenye miguu mitatu, hali ya ndegeni, lenzi imefutwa. Picha ya ubora wa 1080p inatosha. Inakula karibu gigabaiti 8 kwa saa, na kadi ya gigabaiti 64 itabeba siku nzima. Ubora wa juu zaidi wa 4K hujaza kadi, huchemsha simu juani, na kompyuta ya shule haitaiweza. Fungeni mwanga na fokasi kwa kubonyeza na kushikilia usoni mwa mzee, vinginevyo simu itaufuata ukuta mweupe wa nyuma na uso utageuka kivuli. Mketisheni ukingoni mwa kivuli cha mwembe au barazani, akitazama upande wenye nuru, na nyuma yake pawe peusi kuliko uso wake. Mhoji akae bega kwa bega na kamera ili macho ya mzee yasikimbie pembeni.

Kila dakika 20, pumzikeni na muanze faili jipya. Simu ikizimika katikati, faili lisilofungwa mara nyingi halifunguki tena. Tena, simu nyingi hazishiki kasi moja ya picha, kwa hiyo sauti iliyorekodiwa pembeni huanza kuachana na midomo baada ya muda. Pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni mwa kila faili. Jioni ileile nakili mahali pawili, kompyuta ya shule na flashi ya mwalimu, kabla ya kufuta chochote.

Reli isiyokuwepo huonyeshwaje? Mpeni mzee fimbo achore njia mchangani, na kamera iwe juu ya mkono wake. Mchoro huo mara nyingi unazidi ramani, kwa sababu anachora anachokumbuka kuwa muhimu: bomba la maji, duka, mti wa kukutania. Kisha tembeeni juu ya tuta sauti yake ikiendelea. Mkiwa na picha ya zamani, tafuteni ilipopigwa kwa kulinganisha milima ya nyuma, maana majengo hubomoka nayo milima haihami, kisha mpige kutoka palepale. Hakikisheni ni picha ya Kongwa kweli. Picha nyingi za mpango wa karanga kwenye intaneti hazisemi ni Kongwa, Urambo au Nachingwea, na trekta zile zile zilipigwa picha pote. Isiyo na uhakika ipewe maelezo "mpango wa karanga, Tanganyika" na basi. Filamu za habari za Waingereza za wakati ule zina wenyewe, na kuzipakua hakuzifanyi zenu.

Mlio wa treni wa kubandika tunaukataa kabisa. Reli hii imenyamaza, na unyamavu huo ndio ukweli wa mahali pale. Muziki nao usichukuliwe kwenye kanda za Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, au msanii mwingine bila idhini ya wenye haki. Shule zenu zina wapiga zeze na ilimba, na wapo akina mama wa ngoma ya muheme. Warekodini kwa ridhaa na jina la kikundi liandikwe.

Kuhariri huanza kwa kalamu. Saa moja ya mahojiano huchukua saa 5 au 6 kuiandika neno kwa neno, na zaidi ikiwa na tafsiri. Gawaneni dakika 15 kila mtu. Chapeni, kateni kwa mkasi, pangeni vipande mezani hadi habari isimame bila msimulizi. Hapo ndipo muone panapohitaji sentensi ya kuunganisha, na muiandike fupi. Msimulizi wa Kiswahili akisoma bila kukimbia hutumia maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo kurasa mbili zilizojaa zinameza nusu ya filamu. Maandishi ya chini yasizidi mistari miwili, na yakae muda wa kutosha mtu kuyasoma kwa sauti.

Onyesho la kwanza lifanyike kijijini, mbele ya waliohojiwa na familia zao, kabla ya shule na kabla ya mtandao. Shuka jeupe, projekta, spika moja nzuri, giza la saa 1 na nusu jioni. Mpeni kila mzee nakala kwenye kadi ya simu ya mjukuu wake. Na yule mwenye daftari asikae kutazama filamu, akae kando ya shuka awatazame watu. Watataja majina ya waliomo kwenye picha ya zamani, watasema kalavati lile siyo la tatu ni la pili, atasimama mtu ambaye hamkuwahi kumsikia aseme baba yake ndiye aliyekuwa nyapara. Aandike saa na dakika ya kila sauti, aombe namba za simu, na wiki ya 13 ipangwe kwenye ratiba tangu mwanzo kwa ajili ya kurudi kwa huyo wa mwisho.